Nani Amemtuma Mwalimu?

Liko swali moja linalozunguka mitaani mwetu hapa Kindu, ng'ambo hii ya Lualaba na ng'ambo ile, nalo halitaki kunyamaza. Mtu aamka asubuhi moja, anunua kipaza sauti, aandika jina lake katika kibao kando ya njia, na kutangaza kwamba Mungu amesema naye usiku. Baada ya miezi michache ana wafuasi wengi. Mkristu wetu akiyaona hayo huuliza: "Lakini huyu, nani amemtuma?" Swali ni jema. Bali mara nyingi hurudishiwa yeye mwenyewe: "Na padri wenu je, nani amemtuma? Askofu. Na askofu? Papa. Na Papa?" Hapo wengine wetu hukwama, hucheka kidogo, kisha hubadili maneno.

Si vema kukwama hapo. Jambo hili si la mabishano ya barazani tu. Mama anayempeleka mtoto mgonjwa kwa nabii wa mtaa badala ya kumpeleka hospitali, kijana anayeuza baisikeli yake apate kutoa sadaka aliyoagizwa, mume anayemfukuza mkewe kwa sababu mhubiri amesema ni mchawi: hao wote wamemwamini mtu kwamba asema kwa niaba ya Mungu. Yatupasa basi kujua mamlaka ya kufundisha mambo ya Mungu hutoka wapi, na hupitaje toka mkono hata mkono.

Leo twapenda kulitazama swali hilo kwa njia ndefu kidogo, tukipita katika nyumba ya jirani wa mbali, yaani dini ya Wahindu. Msomaji asishangae. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya dini zisizo za Kikristu, uliwataja Wahindu kwa jina lao, ukafundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Tena mara nyingi mtu huijua nguzo ya nyumba yake akiisha kuona nyumba nyingine ilivyosimamishwa.

Kwanza tusichanganye majina. Mhindi ni mtu wa Bara Hindi. Mhindu ni mtu wa dini. Wahindi wengi ni Waislamu. Na watu wa Goa, waliokuwa makarani, washonaji na wapishi katika miji ya pwani, wengi wao ni Wakatoliki kama sisi. Wafanyabiashara Wahindu pwani waliitwa Mabaniani. Nasi watu wa Maniema tumehusiana nao kuliko tunavyodhani. Pembe za ndovu zilizochukuliwa Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, pamoja na huzuni yote ya misafara ile, ziliishia Unguja, ambako forodha ya Sultani ilikuwa kwa miaka mingi mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, Wahindu kutoka Kutch. Baadaye, kati ya mwaka 1896 na 1901, Waingereza walileta wafanya kazi wapata 32,000 kutoka Bara Hindi kujenga reli toka Mombasa hata Ziwa Viktoria. Wengi wao walirudi kwao, lakini wenye maduka waliwafuata, na leo watu wetu wanaokwenda Kampala au Nairobi kununua mali huyaona mahekalu yao.

Sasa jambo la kwanza la kushangaza ni hili: Wahindu hawana Papa, hawana mtaguso, wala hawana kanuni moja ya imani inayosadikiwa na wote. Hawana mwanzilishi mmoja. Hata hivyo dini yao imedumu zaidi ya miaka elfu tatu. Imedumu kwa njia gani?

Imedumu kwa sikio na kwa kinywa. Maandiko yao ya kale kabisa, Veda, huitwa kwa lugha yao ya Kisanskriti shruti, maana yake "kilichosikiwa". Mkusanyo wa kwanza wa Veda una nyimbo 1,028 zenye beti zaidi ya elfu kumi, na kwa karne nyingi haukuandikwa popote: mwalimu aliusema, mwanafunzi akaurudia. Ili neno lisipotee, waliufundisha kwa namna nyingi. Kwanza beti nzima, kisha neno moja moja, kisha maneno mawili mawili kwa kupokezana, kisha kwenda mbele na kurudi nyuma kama mfumaji wa mkeka. Kijana aliyekosa sauti moja alisahihishwa hapo hapo. Mwaka 2003 shirika la UNESCO liliutangaza usomaji huo kuwa hazina ya wanadamu wote. Sisi tulio na vitabu na simu twasahau upesi. Hao hawakuwa na karatasi, na hawakusahau.

Lakini maneno peke yake hayakutosha. Maandiko mengine yaliyofuata huitwa Upanishadi, na jina hilo hufasiriwa kuwa kukaa chini karibu na mwalimu. Mwalimu huyo ndiye guru. Na guru hakujitungia mafundisho. Alipaswa kujulikana ni nani aliyemfundisha, na yule naye alifundishwa na nani. Katika Upanishadi mojawapo iliyo ndefu mna orodha ya majina tupu, fulani alipokea kwa fulani, na fulani kwa fulani, majina mengi ya kuchosha macho, mpaka orodha inafika juu kwa Brahman mwenyewe, asiye na wa kumtangulia. Mzungu wa kusoma haraka huiruka kurasa hiyo. Mwafrika anayejua kuhesabu babu zake huelewa mara moja ni kitu gani.

Nasi tunayo orodha ya namna hiyo. Wapata mwaka 180 Mtakatifu Ireneo, askofu wa Lyon, alipobishana na watu waliodai kwamba wana elimu ya siri kutoka kwa Mungu, hakuanza kwa hoja za hekima. Aliandika majina ya maaskofu wa Roma toka Lino hata Eleuterio aliyekuwa akikaa katika kiti wakati ule, majina kumi na mawili, kana kwamba asema: sisi wetu ni hawa, mnawajua, hata makaburi yao mnayajua, ninyi wenu ni nani? Na Ireneo mwenyewe katika ujana wake alikuwa amemsikia Polikarpo wa Smirna, aliyemjua Yohane. Toka Bwana hata Ireneo walikuwa watu wawili tu katikati.

Basi hapa Mkatoliki na Mhindu wasimama upande mmoja: neno la Mungu halianzi na mimi. Lilikuwako kabla yangu, nami nimelipokea.

Iko hadithi katika Upanishadi tunayotaka kuisimulia, kwa kuwa yagusa moja kwa moja swali la mitaani kwetu. Kijana mmoja, Satyakama, alitaka kwenda kusoma kwa guru. Siku zile mwalimu huuliza ukoo. Kijana akamwuliza mama yake Jabala: mimi ni wa ukoo gani? Mama akamjibu kwamba hajui. Katika ujana wake alikuwa mtumishi akihudumu huku na huku alipompata. Basi ajiite Satyakama mwana wa Jabala. Kijana akaenda kwa mwalimu Gautama, na alipoulizwa ukoo wake hakuficha neno hata moja. Mwalimu akamkubali papo hapo, akasema asiye na moyo wa kweli hawezi kusema hivyo, akamtuma alete kuni za moto wa sadaka. Kisha akamkabidhi ng'ombe mia nne waliokonda, awachunge. Kijana akaapa hatarudi mpaka wawe elfu. Akakaa miaka mingi porini. Na huko, hadithi yasema, alifundishwa juu ya Mungu na fahali, na moto, na ndege wawili.

Aliporudi uso wake uling'aa. Mwalimu akamwuliza nani amemfundisha. Akajibu kwamba si wanadamu. Laiti angekuwa mtu wa siku hizi, wasomaji wapenzi, angefungua kanisa lake jioni ile ile! Amefunuliwa porini, uso unang'aa, mashahidi ni ng'ombe elfu. Lakini yeye akamwomba mwalimu wake amfundishe, kwani alikuwa amesikia kwamba elimu ipatikanayo kwa mwalimu ndiyo ifikayo mbali. Na mwalimu akamfundisha yale yale aliyokwisha kuyasikia porini, wala hapakupungua kitu.

Hatusemi fahali alinena kweli. Hiyo ni hadithi yao. Twasema kwamba aliyeitunga alijua jambo kubwa: mafunuo ya kweli hayaogopi kupimwa. Mtume Paulo alifanya vivyo hivyo. Yeye alimwona Bwana mwenyewe njiani kwenda Dameski. Nani alikuwa na haki ya kujitangaza kumpita huyo? Hata hivyo alipelekwa kwa Anania, mtu asiyejulikana sana, amwekee mikono na kumbatiza. Na baada ya miaka alipanda Yerusalemu kuwaeleza wakubwa wa Kanisa Injili aliyoihubiri, asije akawa amepiga mbio bure. Nabii wa mtaani akatae lolote jingine, lakini tumwulize hili: umeyapeleka maono yako kwa nani ayapime? Akijibu kwamba hakuna aliye juu yake ila Mungu, tumekwisha kujua tunasema na nani.

Lakini tusiwasifu Wahindu kupita kiasi, wala wenyewe wenye busara hawataki hivyo. Mnyororo huo ulikuwa na upande mchungu. Kuanza masomo ya Veda kulikuwa na ibada yake, kijana akavikwa uzi mtakatifu begani, na tangu hapo akaitwa aliyezaliwa mara mbili. Katika desturi ya kale uzi huo ulikuwa wa wavulana wa matabaka matatu ya juu tu. Tabaka la nne halikupewa, na walio chini ya matabaka yote walifukuzwa hata mbali na sauti ya msomaji. Wanawake nao kwa karne nyingi walinyimwa Veda. Hapo ndipo hadithi nyingine yatokea, katika utenzi mkubwa uitwao Mahabharata. Ekalavya, mwana wa mkuu wa watu wa porini, alimwendea Drona, mwalimu mkuu wa upinde, naye akamkataa kwa sababu ya uzazi wake. Ekalavya akarudi porini, akafinyanga sanamu ya Drona kwa udongo, akajizoeza mbele yake mpaka akawapita wanafunzi wa Drona wote. Drona alipojua, alidai malipo ya mwalimu: kidole gumba cha mkono wa kuume. Kijana akakikata akampa.

Kwa muda mrefu watu wengi waliisimulia hadithi hiyo kuwa sifa ya utii. Leo wengine wengi katika Bara Hindi, hasa wa matabaka yaliyodharauliwa, huisoma kuwa kilio. Sisi twaona wana haki. Mwalimu aliyekataa kufundisha hakuwa na haki ya kudai malipo. Na mwalimu anayeogopa mwanafunzi asimpite, akamkata mkono, huyo amekwisha kuukata mnyororo mwenyewe. Mapokeo si mali ya mpokeaji. Alipewa apate kutoa.

Upanishadi nyingine, iitwayo Mundaka, yamwelekeza mwanafunzi achukue kuni mkononi amwendee guru mwenye mambo mawili kwa pamoja: awe ameyajua Maandiko, na awe amesimama imara katika Mungu. Masharti haya mawili yastahili kushikwa. Anayejua vitabu lakini moyo wake uko mbali ni kama kengele. Anayedai ana Mungu moyoni lakini hajui Maandiko, nani atamsahihisha? Kisha guru humnong'oneza mwanafunzi neno la sala sikioni, na tangu siku hiyo mwanafunzi ni mwanawe wa roho. Katika vyama vingi guru huheshimiwa kuwa mlango wa Mungu, na pengine zaidi ya mlango. Tutalirudia jambo hili, maana hapo ndipo njia zetu zinapoachana.

Twendeni kwanza Afrika ya Mashariki, tuone mnyororo huo ukivuka bahari. Halikuwa jambo rahisi. Wahindu wa kale wengi waliogopa kuvuka maji makuu, wakiona kwamba anayevuka hupotewa na usafi wake. Na Mabaniani wa kwanza wa Unguja waliwaacha wake zao kwao. Wake walipokuja baadaye, ndipo dini ilipokaa. Mama alikuwa na pembe ndogo ya sala nyumbani, aliwasha taa, aliwasimulia watoto. Hapo hapakuwa na guru wala hekalu.

Miongoni mwao walikuwako wafuasi wa Swaminarayan, mtawa aliyezaliwa mwaka 1781, akafa katika nchi ya Gujarat mwaka 1830, ambaye wafuasi wake humwabudu kuwa Mungu aliyejidhihirisha. Mwaka 1826 aliligawa kundi lake pande mbili, Ahmedabad na Vadtal, akawaweka wana wawili wa ndugu zake aliowafanya kuwa wanawe, kila mmoja na upande wake; na kiti hicho hurithiwa kwa damu mpaka leo. Lakini wengine walisema kwamba urithi wa roho haufuati damu, bali hukaa ndani ya mtakatifu. Wakamtaja mtawa mmoja, Gunatitanand Swami, na baada yake Bhagatji Maharaj, ambaye hakuwa hata mtawa: alikuwa mshona nguo. Fikirini hilo katika nchi ya matabaka! Shastriji Maharaj, mwanafunzi wa huyo mshonaji, alitoka Vadtal, na mwaka 1907 akaanzisha chama kiitwacho BAPS. Aliyemfuata, Yogiji Maharaj, alikuja Afrika ya Mashariki mara tatu, mwaka 1955, 1960 na 1970, akiwatembelea wafuasi wake mji kwa mji. Alipokufa mwaka 1971 akafuata Pramukh Swami, aliyefariki mwaka 2016, na baada yake Mahant Swami. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, akiwapa siku 90, wengi wao waliondoka na sanduku moja moja, lakini desturi ya kukusanya jamaa nyumbani mara moja kwa juma, kusali na kuwafundisha watoto, walikwenda nayo mpaka Uingereza. Hekalu lao kubwa la Nairobi lilifunguliwa mwaka 1999.

Basi, ni damu au ni utakatifu? Hilo liliwagawa, na bado wamegawanyika. Hata kiti cha kale cha Jyotirmath, mojawapo ya vinne vinavyosemwa kuwa viliwekwa na mwalimu Shankara, kimekuwa na ugomvi wa urithi tangu mwenye kiti alipokufa mwaka 1953, mpaka kesi zikafika mahakamani. Panapokosekana wa kuamua, hakimu wa serikali huitwa aamue nani mrithi wa mtawa.

Wengine, kwa kuchoshwa na walimu, walikikimbilia kitabu. Dayananda Saraswati, aliyefundishwa na guru kipofu Virajananda, alianzisha Arya Samaj mwaka 1875, akisema turudi katika Veda tupu, akawafungulia wanawake na watu wa kila tabaka. Chama hicho kilifika Nairobi mwaka 1903. Nao Masingasinga, ambao dini yao si ya Kihindu bali ilizaliwa karibu nayo, walikata shauri kwa namna yao: mwaka 1708 guru wao wa kumi aliweka mwisho wa magurunzi wa kibinadamu, na tangu hapo guru wao ni Kitabu. Msafiri wa reli ya Mombasa hupita karibu na hekalu lao la Makindu (si Kindu yetu, ingawa jina lafanana), ambako kila mpita njia hupewa chakula bila malipo. Na Gandhi, ambaye watu wengi walimtaka awe guru wao, aliandika kwamba yeye mwenyewe aliyemtafuta hakumpata, kiti cha guru moyoni mwake kikabaki wazi. Twamheshimu kwa neno hilo. Ni afadhali kiti kitupu kuliko kumkalisha asiyestahili.

Wala tusidhani mambo haya ni ya Bara Hindi tu. Ndugu zetu Waislamu wa Kasongo na hapa Kindu wanajua silsila, orodha ya masheikh waliopokezana idhini. Na Warega, watu wa Pangi na nchi za jirani, walikuwa na Bwami. Mtu aliingia ngazi kwa ngazi, na katika kila ngazi alifundishwa kwa mithali, kwa ngoma, na kwa vitu vidogo vya pembe na mti. Mke aliinuka pamoja na mumewe, na ngazi ya juu kabisa, kindi, haikufikiwa na mtu mgomvi wala mchoyo. Kile kitu cha pembe hakikuwa mali yake. Alikitunza, na akifa kilipita kwa mwingine. Serikali ya Kibelgiji ilipiga marufuku Bwami mwaka 1948, na wamisionari wengi wa siku zile hawakuisikitikia. Sasa vitu hivyo vingi vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, vimewekwa katika kioo, na mithali zake haziko pamoja navyo. Msomaji anayetaka kujua mapokeo yaliyokatika yanaonekanaje, na aende akatazame kimoja cha vile.

Sasa twarudi kwa yule aliyetuuliza: na Papa je, nani amemtuma? Jibu letu ni kwamba Petro alitumwa na Yezu Kristu, na Kristu alitumwa na Baba. Mnyororo wafika juu, kama orodha ya Wahindu. Lakini tofauti yake ni hii. Kwa Mhindu wa vyama vingi guru aliye hai ndiye Mungu anapoonekana. Mwanafunzi hujitoa kwake mzima. Kwetu askofu hata siku moja si Kristu wa pili. Kristu ni hai, na mwalimu ni Yeye. Wengine wote ni watumishi wa neno lisilo lao. Mtaguso ulisema waziwazi, mwezi Novemba 1965, kwamba mamlaka ya kufundisha haiko juu ya neno la Mungu bali hulitumikia, ikifundisha yale tu yaliyopokelewa. Kwa hiyo mwaweza kumpima padri wenu. Akihubiri siasa yake, au ndoto zake, au kuku wa mavuno, mwamjua kwamba ametoka katika alichokabidhiwa, kwa sababu katekisimu mnayo na Injili mnayo.

Tena kwetu zawadi haitegemei wema wa mkono unaoitoa. Katika dhuluma ya miaka ya 303 hata 305 wako maaskofu wa Afrika ya Kaskazini waliowakabidhi askari Vitabu Vitakatifu. Baadaye kundi la Donato likasema: askofu wa namna hiyo amepoteza kila kitu, na wote aliowawekea mikono ni bure. Mtakatifu Augustino akapinga. Barua ya mfalme iliyoletwa na tarishi mlevi ni barua ya mfalme. Kwa Kilatini kitenzi cha kukabidhi mapokeo na kitenzi cha kusaliti ni kimoja, tradere. Mitume walikabidhi, na Yuda naye alikabidhi. Hatari imo katika neno lenyewe.

Wako wanaolitumia fundisho la Augustino vibaya, wakisema basi padri asiguswe, maana amepakwa mafuta. La. Tarishi mlevi huondolewa kazini, barua ikabaki. Mwaka 2017 na 2018 mahakama za Bara Hindi ziliwahukumu walimu wawili wenye wafuasi wengi mno kwa kuwanajisi wasichana na wanawake waliowaamini. Na wafuasi wengi walikataa kusadiki, kwani waliisha kuwapa walimu hao hata akili zao. Tusinyoshe kidole mbali. Madhambi ya namna hiyo yametendwa na watu wa Kanisa pia, na yalifichwa. Kwa sheria ya Mei 2019 Papa Fransisko aliwalazimisha mapadri na watawa kupeleka habari ya jambo kama hilo kwa wakubwa, hata likimhusu askofu. Utii wa Mkristu una mpaka, nao ni dhambi. Mwalimu anayekuagiza jambo ambalo hutathubutu kumwambia mama yako, huyo hajatumwa kwa jambo lile, hata kama cheti chake kina mihuri saba. Na mtoto akisema, asikilizwe kwanza.

Mtu ataniambia: basi kwa nini tusikimbilie kitabu tu, kama Dayananda? Kwa sababu kitabu hakiwezi kumwekea mtu mikono. Hakiendi kumtazama mgonjwa, wala hakimwulizi msomaji: umeelewaje? Paulo alipomwandikia Timoteo alimwagiza ayatie mambo aliyoyasikia katika watu waaminifu, watakaoweza kuwafundisha wengine tena. Hesabuni: Paulo, Timoteo, waaminifu, wengine. Vizazi vinne katika agizo moja, na wote ni watu.

Wazee wetu wa Kongo ya mashariki wameliona hilo kwa macho. Katika maasi ya mwaka 1964, na tena katika vita vya mwaka 1996 hata 2003, vituo vingi vya misioni vilibaki bila padri. Wengine waliuawa, wengine walikimbia, njia zilifungwa. Waliobaki ni waalimu wa dini, makatekista, wenye baisikeli mbovu na daftari. Siku ya Bwana waliwakusanya Wakristu, mara nyingine chini ya miti. Walisoma Injili, walisali rozari, walibatiza watoto waliokuwa hatarini, walizika wafu, waliandika majina. Misa hawakusoma. Watu waliililia Komunyo, na katekista aliijua Misa yote kwa moyo, hata maneno ya mageuzo. Lakini hakuwekewa mikono kwa kazi ile, basi hakuigusa. Njia zilipofunguka na padri akafika, walimpa daftari, naye akaketi kusoma majina ya waliobatizwa na ya waliokufa, moja moja, kabla ya kuvaa mavazi ya Misa.